Maji Yaliyonyamazishwa

Kakuma, 9 Februari 2025

Mjomba Ethuro,

Ejok? Natumaini barua hii imekukuta kwenye kiti chako cha kamba nje ya nyumba, na Mama Ekiru amekutajia jina la mwandishi kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Sisi huku tuko wazima. Mwanangu wa pili ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka mdomo ukiwa umefungwa. Joto limeanza kweli. Kuku wanashinda kwenye kivuli cha jerikeni, midomo wazi.

Najua simu huipendi, na masikio yako yaliliwa na jenereta za visima kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Atakayekuletea ni Abdijabar na pikapu yake, kama kawaida.

Jambo lenyewe ni mboga. Ulipotutembelea Desemba uliliona banda letu la neti, na vile vitanda vinane vya polithini vilivyojaa maji, kila mama na chake, sukuma wiki na spinachi zikiwa zimesimama kwenye mashimo ya vibao vinavyoelea, mizizi ikining'inia majini bila punje ya udongo. Ulicheka, ukasema umeishi mpaka kuona mboga zikifundishwa kuogelea. Sasa zinakufa, Mjomba. Ikifika saa sita mchana zinalala chali, na miguu yao imo majini. Ukiinua kibao unakuta mizizi imegeuka kahawia, inateleza mkononi, inanuka yai viza. Mbolea tunapima kwa kijiko kilekile na maji ni yaleyale ya kisima.

Kibaya zaidi, watu wameshatafuta mtu wa kulaumu. Unamkumbuka Nyachuol, yule mama mrefu wa Sudan Kusini aliyekusalimu kwa mikono miwili. Yeye ndiye mwangalizi wetu wa maji: asubuhi anawasha pampu ya sola inayozungusha maji kutoka tangini hadi vitandani na kurudi, anapima, anaongeza. Akoru, mwenyekiti wetu, amesema kikaoni kwamba Nyachuol anafulia nguo za wajukuu wake kwenye tangi, na sabuni ndiyo inayoua mizizi. Hakuna aliyemwona akifua. Hakuna aliyemtetea pia. Wamempa mpaka mwisho wa Machi. Mboga zisipopona anatoka kwenye kikundi, na kitanda chake anapewa mwingine. Ana wajukuu watatu, na mgao wa kambini ukiisha, kitanda hicho ndicho kinachoweka kitu ndani ya sufuria.

Wewe ni Ethuro wa Maji. Kama wewe hujui, nimuulize nani tena?

Mpwa wako,
Nakuleu


Lodwar, 17 Februari 2025

Nakuleu mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu, maana Abdijabar aliisafirisha ndani ya gunia. Hatujambo. Mama Ekiru ameanza kufuga bata. Bata, hapa Lodwar, mahali ambapo mto wenyewe huenda likizo. Nimenyamaza. Kiziwi akibishana na mkewe anashindwa mara mbili.

Mwambie huyo mtoto acheke vizuri, mapengo si aibu. Mimi ninayo manne na bado nakula nyama.

Kuhusu mboga nimefikiri siku tatu. Kabla sijaingia idara ya maji nilivua samaki Kalokol, hilo unalijua. Kule Ghuba ya Ferguson upepo ukikata siku nne tano, na jua likayapika yale maji ya kina kifupi, ngege hupanda juu alfajiri, wanatoa midomo nje na kuvuta, kuvuta. Mgeni hudhani wana njaa. Hewa ndiyo imewaishia. Maji huwa na hewa ndani yake, mwanangu, na samaki anaishi kwa hiyo. Maji ya moto hayashiki hewa, na maji yaliyotulia hayapati nyingine. Mzizi nao unapumua. Sukuma wiki yako haifi kwa kiu, imekosa pumzi, na mzizi uliokosa pumzi hauwezi kunywa. Ndiyo maana jani linanyauka huku miguu imo majini. Uozo unakuja baadaye kumalizia kazi.

Fanyeni hivi. Tangi lifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, lisipigwe na jua. Maji ya vitandani yapunguzeni, vibao viegemezwe kwenye kingo badala ya kuelea, ili mizizi ipate vidole vitatu vya hewa kwa juu na ncha tu zibaki majini.

Habari ya sabuni siiamini. Sabuni ingetoa povu. Msimharakishie hukumu mwanamke wa watu.

Halafu niambie kitu kimoja. Pale maji yanaporudi tangini, ule mpira mweusi niliofunga bado upo? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Ethuro


Kakuma, 28 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Nimefurahi kusoma habari za bata. Mwambie Mama Ekiru aniwekee mayai, na wewe usiwaonee wivu kwa sababu wanaoga kila siku.

Tangi tumelifunika. Kupunguza maji ndiko kulikoleta maneno. Akoru alisimama katikati ya banda, mikono kiunoni: "Nani kwa hii nchi amewahi kupunguza maji kutoka chombo kilichojaa? Mama yangu alitembea na mtungi kichwa siku nzima. Maji ikijaa ni baraka. Sitaimwaga, hata Ethuro akisema." Na wote, Mjomba, hata wale wa kambini, walitikisa kichwa kukubaliana naye. Mimi nilitoa ndoo ya kwanza, na nilitoa kwenye kitanda changu peke yake. Siku ya nane nikaona mizizi mipya, myeupe, imechomoza pale kwenye pengo la hewa. Nikawaita waone. Akoru akasema changu kimepona kwa sababu ndicho cha mwisho kutoka tangini, sabuni inafika ikiwa imechoka.

Mpira wako upo, tunautunza. Nakumbuka siku ile vizuri. Bomba la kurudisha maji lilikuwa likiyamwaga kutoka juu, yanaanguka tangini kwa kishindo, matone yanarukia nje na kulowesha mchanga, nawe ukashika kichwa. Ukatuambia maneno uliyoniambia tangu utoto, kwamba maji yakipiga kelele yanapotea. Ukatoa mita mbili za mpira kwenye mkoba wako, ukaufunga kwenye bomba kwa utepe wa tairi, ukaushusha mpaka chini kabisa ya tangi, na kelele ikakatika. Tulipiga makofi. Akoru akachinja mbuzi.

Nikueleze pia jambo ambalo tulilicheka. Katikati ya Januari Nyachuol alikuja kwangu akasema, "Mama, hii maji imenyamaza. Kwetu, maji ya mto ikinyamaza hatuchoti." Akoru akamjibu kabla yangu: "Huyo alifunga ni Ethuro wa Maji. Wewe ulisoma maji wapi?" Nyachuol hakurudia tena. Kila asubuhi anaufuta vumbi huo mpira kwa kitambaa.

Ramadhani inaanza kesho kutwa, kwa hiyo Abdijabar atakuwa anasafiri mara moja tu kwa wiki. Niandikie mapema.

Nakuleu


Lodwar, 11 Machi 2025

Nakuleu,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, ila jino moja linanisumbua. Bata mmoja ameingia kwa jirani na imekuwa kesi. Jirani anasema bata amekula unga wake. Mama Ekiru anasema bata wake hali unga. Nilikaa nao saa mbili nikiangalia midomo tu. Mwishowe wakapeana mayai. Paa la jikoni limepata tundu, nitalifunga wiki ijayo.

Kwa ajili ya mboga, chukueni sufuria. Chota maji tangini, yainue mpaka kifuani, yamwage yaanguke. Tena na tena, mchana kutwa, hasa jua likiwa kali. Maji yakianguka hubeba hewa kwenda nayo chini. Itasaidia.

Mengine tutaongea. Jino linauma.

Ethuro


Kakuma, 18 Machi 2025

Mjomba,

Pole kwa jino. Huku mtoto wa kwanza alipata homa ya siku mbili, sasa anakimbia. Mvua haijafika, ingawa mawingu yanapita Kaaleng, na wenye mifugo wameanza kuhama kuyafuata.

Tunachota kama ulivyosema. Niseme kweli, anayechota ni Nyachuol. Sisi wengine tulichoka siku ya pili. Yeye anaanza pampu ikiwaka na anaacha jua likizama, anainua sufuria, anamwaga, anainua. Mabega yamemvimba. Juzi nilitaka kumpokea, akasema, "Wacha, mama. Hii ni kesi yangu." Pale anapomwaga, viputo vidogo vinashuka chini na maji, na vile vitanda viwili vya karibu vimeacha kunuka. Lakini Akoru amelipindua hata hilo. Anasema mtu hajitesi hivyo bila sababu, anasafisha dhambi yake.

Sasa nikuulize. Uliuliza habari za mpira, nikakujibu, nawe ukaniandikia kuhusu bata. Mjomba, mimi si mtoto. Umeniambia maji yakianguka yanabeba hewa. Nimekaa karibu na tangi nikayatazama yakirudi kwa chini, kimya, bila hata kutikisika. Ule utepe wa tairi naweza kuufungua kwa dakika moja. Sijaufungua. Mpira ukitoka, na mboga zikapona, kila mmoja wetu atajua kilichoziua, na jina lako limeandikwa kwa rangi juu ya tangi: Fundi Ethuro. Nataka neno lako kwanza.

Kikao ni Jumamosi, tarehe 29. Baada ya hapo Nyachuol hana kitanda.

Nakuleu


Kakuma, 30 Machi 2025

Mjomba,

Barua hii ameibeba mwalimu anayekuja Lodwar, maana Abdijabar ameegesha gari mpaka Idi ipite. Nyumbani wote wazima.

Nilingoja barua yako mpaka Ijumaa jioni. Jana kikao kimekaa na Nyachuol ametolewa. Akoru aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo, sikulisema. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, na mimi jana niliona inavyoweza kuwa nzito mpaka ikafunga mdomo.

Hakulia. Aliosha ile sufuria, akaifudikiza juu ya tangi, akachukua kisu chake cha kuvunia. Alipofika mlangoni aligeuka. Hakumtazama Akoru, alinitazama mimi.

Najua Mama Ekiru ana simu. Ningeweza kumtumia ujumbe akuonyeshe, na sikutuma. Sijui niliogopa nini, kwamba ungekataa au kwamba ungekubali.

Sina la kuongeza.

Nakuleu


Lodwar, 26 Machi 2025

Nakuleu mwanangu,

Salamu utanisamehe leo, nitaziandika mwisho.

Ni mpira wangu. Nilianza kuhisi hivyo siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika, na ulipoandika maneno ya Nyachuol nikawa na hakika. Aliyelijenga lile banda alijua alichofanya. Aliliweka bomba juu makusudi, maji yaanguke, yavunjike, yaingiwe na hewa. Mimi nikaja na mkoba wangu nikayafunga mdomo. Desemba na Januari kulikuwa na nafuu ya joto na mimea ilikuwa midogo, haikuhitaji pumzi nyingi. Februari ilipokuja na jua lake, ikaikaba.

Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuwinda sauti ya maji. Nilikuwa naweka sikio kwenye bomba, nasema chimba hapa, wanachimba, wanakuta ufa. Katika nchi hii tone linaloruka nje ya chombo ni mwizi. Nilipoliona lile bomba likitapanya maji mchangani sikuuliza kitu. Mtu aliyeitwa Ethuro wa Maji angeulizaje? Na masikio haya, mwanangu. Desemba sikuisikia ile kelele. Niliona tu matone yakiruka, nikatamani niwe bado yule mtu. Akina mama walipopiga makofi niliona viganja vyao vikienda, nikafurahi sana. Nakuambia kweli, nilifurahi.

Ndiyo maana nimekuandikia habari za bata. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha huu kwa wiki tano huku mama wa watu akiinua sufuria. Ile ya kuchota nilikuambia ili mboga zipone bila mpira kutajwa. Jino haliumi.

Fungua utepe. Waambie wote, kwa jina langu.

Lodwar, 4 Aprili

Barua hii bado ninayo. Nilipoipeleka stendi tarehe 26, Abdijabar alikuwa ameshaondoka kwenda kwao kwa Idi. Kulikuwa na magari mengine matatu ya Kakuma, na madereva ninawajua. Nikajiambia simwamini mwingine. Nikairudisha mfukoni, na nikaona nafuu, Nakuleu, hilo ndilo linalonitia haya kuliko mpira.

Barua ya mwalimu imefika jana. Nimeisoma mara mbili. Leo Abdijabar amerudi, nimempa hii mkononi, na nimesimama mpaka gari likaondoka.

Wasomee yote, pamoja na hii sehemu ya pili.

Mjomba wako,
Ethuro

Salamu: Mama Ekiru mzima. Nimemweleza. Hajaniandalia chai tangu asubuhi.


Kakuma, 9 Aprili 2025

Mjomba Ethuro,

Ejok. Tunashukuru. Mvua ya kwanza imepiga juzi, ya dakika kumi, watoto wakatoka nje uchi. Mwambie Mama Ekiru akurudishie chai, maana ulichofanya si rahisi.

Niliwasomea Jumapili, wote wakiwa wamekaa kwenye ndoo zilizofudikizwa. Nilisoma mpaka neno la mwisho, na ile sehemu ya mfukoni. Baada yake nikaongeza langu, kwamba mimi nilishatambua tangu katikati ya Machi na nikanyamaza ili kulinda jina la mjomba wangu. Kisha Akoru akasema, "Na mbuzi nilichinja." Akainuka, akakunja mikono ya nguo, akaufungua utepe yeye mwenyewe. Mpira ukatoka na ute wa kijani. Maji yakaanza kuanguka na kelele yake ya zamani, tukajikuta tunapaza sauti ili tusikizane.

Leo ni siku ya tatu. Harufu imepungua. Vitanda vitano tumevipunguzia maji, na aliyetoa ndoo ya kwanza ni Akoru, akiwa amefumba macho. Mizizi iliyooza haitapona, hiyo tumeing'oa, tumepanda upya. Nadhani tutavuna kabla ya mwisho wa Mei.

Lakini Nyachuol hajarudi. Tulikwenda kwake kambini mimi na Akoru. Alitukaribisha, akatupa chai, akatusikiliza. Akoru aliomba radhi, na unajua Akoru akiomba radhi ni kama anakuamrisha, lakini aliomba. Nyachuol akasema amesikia. Tukamwambia kitanda chake kiko, hakuna aliyekigusa. Akasema, "Ile karatasi mlisomea watu wote. Mimi, huyo mzee alinishika mkono. Aje."

Nikamwambia unaishi mbali na umri umekwenda. Akanijaza chai tena, na ikawa ndilo jibu.

Nakuleu


Lodwar, 15 Aprili 2025

Nakuleu,

Wazima wote. Chai imerudi.

Ana haki. Nitakuja na Abdijabar Jumamosi ya tarehe 26. Msichinje mbuzi.

Ethuro


Lodwar, 5 Mei 2025

Nakuleu mwanangu,

Nilifika salama, mgongo ukilalamika. Mama Ekiru alinifungulia mlango na bata nyuma yake, wote saba, wakinikagua. Mto Turkwel umepata maji ya kahawia, na vijana wanavuka wakishikilia baiskeli kichwani. Zile spinachi za kitanda chako mlizonipa tulikula siku mbili. Ni laini kuliko za udongo, ingawa nilikuwa nimeapa sitakubali jambo hilo.

Safari yenyewe ilinilemea kabla sijaianza. Tangu masikio yafe sipendi kusimama mbele ya watu, maana sijui sauti yangu ni kubwa au ndogo. Siku ile sijui nilisemaje. Nilimtazama yeye tu, nikasema ni mimi, nikasema nilijua nikanyamaza, nikasema anisamehe. Kisha nikaweka kiganja chini ya bomba, maji yakakipiga, na kwa kiganja niliyasikia.

Sasa kuna jambo nakuomba, na usinicheke. Nyachuol alinijibu kwa maneno mengi. Alikuwa ameinamisha kichwa nusu ya wakati, na midomo yake siijui kama ninavyoijua yenu. Sikupata hata neno. Nikafanya tunavyofanya sisi viziwi, nikatikisa kichwa kukubali. Akasema tena, nikatikisa tena. Halafu nikaona mama wote wanacheka, Akoru anapiga vigelegele, na Nyachuol ananishika mkono kwa mikono miwili, kama Desemba. Kwa hiyo najua halikuwa jambo baya. Nilitaka kukuuliza palepale, lakini Abdijabar alikuwa na abiria wa kuwahi, akanivuta garini.

Wiki yote najiuliza. Alinisamehe? Niandikie alichosema, maneno yake mwenyewe.

Ethuro


Kakuma, 9 Mei 2025

Mjomba wangu,

Ejok sana. Huku ni heri tupu. Mwanangu ameota jino moja na sasa anachekea upande huo. Sukuma wiki zimefika magotini, mizizi myeupe mpaka chini. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni ni cha Nyachuol, kama zamani, na ndicho kizuri kuliko vyote, wala hatubishani.

Sauti yako ilikuwa kubwa mno. Watu wa kisimani walikusikia. Ilikuwa vizuri.

Na aliyoyasema Nyachuol nimeyashika yote, kwa sababu banda zima lilinyamaza isipokuwa maji. Alisema hivi: "Mzee, mimi nilijua toka Januari. Ningetoa hiyo mpira. Lakini mgeni hagusi kitu mzee wa watu amefunga. Sasa umesema wewe mwenyewe, nimesikia, imekwisha. Mimi naomba kitu moja. Nifundishe hii mashine yote, pampu na bomba na sola. Nikisema siku nyingine maji imenyamaza, mtu asiniulize nilisoma wapi. Utakuja kila Jumatatu mpaka nijue?"

Ukatikisa kichwa kukubali. Yeye hakuamini, akauliza mara ya pili: "Kila Jumatatu, mzee?" Ukatikisa mara tatu, kwa nguvu. Hapo ndipo Akoru alipopiga vigelegele. Mama wanane ni mashahidi.

Jumatatu mbili zimepita. Zote mbili Nyachuol amevaa nguo yake nzuri, akakaa karibu na tangi tangu asubuhi, na daftari jipya la mjukuu mapajani. Nilimwambia umezuiwa na bata.

Abdijabar anaondoka Lodwar Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na nimeshamwambia akuwekee kiti cha mbele. Njoo na spana zako. Mpira uache huko.

Nakuleu